Udongo Uwahi Ungali Maji: Vyungu vya Kuchongwa vya Santa Clara

Mwalimu wa Kiswahili anapowafundisha wanafunzi wake vitenzi vya kazi za mikono huwaambia kwamba mti huchongwa, ukili husukwa, chuma hufuliwa, na udongo hufinyangwa. Kila kitu kina kitenzi chake, na kila kitenzi kina mtu wake. Mfinyanzi ni mtu wa kuongeza: huanza na kitako kitupu, akazidi kupandisha udongo hadi chungu kikapata mdomo. Mchongaji ni mtu wa kupunguza: huanza na gogo zima, akaondoa kila kisichotakiwa. Kwa sababu hiyo, tuliposoma kwa mara ya kwanza habari za vyungu ambavyo kwanza hufinyangwa na halafu huchongwa, tulidhani kwamba mwandishi amekosea kitenzi. Kumbe hakukosea. Wako watu duniani ambao kazi hizi mbili wameziunganisha katika chungu kimoja, na aghalabu katika nyumba moja. Katika makala haya twakusudia kueleza asili ya kazi hiyo, jinsi inavyofanywa, na jinsi ilivyorithishwa, kwani tunaamini kwamba ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha.

Mahali na watu wake

Katika jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, hupita mto uitwao Rio Grande. Kandokando ya mto huo, na mbali kidogo nao, viko vijiji vya kale vya wenyeji wa nchi, ambavyo Wahispania waliviita "pueblo", neno la lugha yao lenye maana ya kijiji au mji. Leo vijiji hivyo katika jimbo hilo ni 19, na kila kimoja kina serikali yake. Wakazi wake hawasemi lugha moja. Sita kati ya vijiji hivyo ni vya wasemaji wa Kitewa, na miongoni mwa hivyo kimo Santa Clara, ambacho wenyewe hukiita Kha'po Owingeh, na jirani yake San Ildefonso. Mababu wa watu wa Santa Clara walikaa Puye, kwenye nyumba zilizochimbwa na kujengwa katika majabali, kabla ya kuteremka bondeni karibu na mto.

Mwaka 1598 Wahispania walikuja kukaa nchini humo chini ya Juan de Oñate. Mwaka 1680 watu wa vijiji hivyo, wakiongozwa na Po'pay, mtu wa kijiji cha Ohkay Owingeh, waliungana wakawafukuza. Baada ya miaka 12 Wahispania walirudi. Twayataja haya ili msomaji afahamu kwamba watu tunaowazungumzia walikuwa tayari wamepitia misukosuko mingi kabla ya karne ya 19 kufika. Katika muda huo wote vyungu viliendelea kufinyangwa, maana bila chungu hapakuwa na maji ya kunywa nyumbani, wala ghala ya mahindi, wala chakula mekoni.

Mwaka 1880 reli ilifika sehemu hizo. Jambo ambalo vita havikuweza kulifanya, biashara ilikaribia kulifanya. Ndoo za bati na sufuria za chuma ziliingia madukani. Zilikuwa nyepesi, hazikuvunjika zilipoanguka, na bei yake ilikuwa ndogo. Mtungi mkubwa uliochukua majuma kadhaa kuumbwa ulishindwa na ndoo iliyonunuliwa siku moja. Reli hiyohiyo, hata hivyo, ilileta watalii waliotaka kununua vitu vya kurudi navyo kwao. Wafinyanzi wengi wakaacha mitungi mikubwa, wakaanza kutengeneza vitu vidogo vidogo vya kuuzwa kwa bei rahisi. Kazi haikufa, lakini ilikuwa imeanza kupoteza heshima yake.

Nyumba ya Sara Fina

Katika Santa Clara aliishi mama mmoja aitwaye Sara Fina Tafoya, aliyezaliwa katika miaka ya 1860. Huyu hakukubali kuacha kazi kubwa. Aliendelea kufinyanga mitungi mipana ya kuhifadhia nafaka, myeusi, iliyong'arishwa hata mtu akajiona ndani yake kama katika kioo. Pambo lake la kawaida lilikuwa unyayo wa dubu, uliobonyezwa shingoni mwa mtungi udongo ulipokuwa ungali laini. Husimuliwa kijijini hapo kwamba zamani za ukame dubu ndiye aliyewaongoza watu kwenye maji. Kwa hiyo unyayo wake kwenye mtungi ni shukrani na pia ni ombi kwamba mtungi usikose maji.

Unyayo huo wa kubonyezwa ulikuwa pambo la kale. Uchongaji wenyewe, yaani kukata udongo kwa kisu au patasi hadi mchoro ukainuka na uwanda wake ukadidimia, ulianza kushika nguvu kijijini hapo katika miaka ya 1920, na Sara Fina huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuufanya. Wakati huo jirani zao wa San Ildefonso, Maria Martinez na mumewe Julian, walikuwa wamekwisha kupata sifa kwa vyungu vyao vyeusi vilivyochorwa rangi nyeusi isiyong'aa juu ya weusi unaong'aa, mtindo walioubuni mnamo mwaka 1919. Mwaka 1922 maonyesho ya kazi za wenyeji yalianzishwa katika mji wa Santa Fe, na zawadi zikatolewa kwa kazi bora. Ukawako ushindani, na ushindani huzaa fikra. San Ildefonso walipaka. Santa Clara walichonga.

Hata hivyo San Ildefonso nao hawakubaki nyuma. Huko uchongaji huhusishwa na Rose Gonzales, mama aliyezaliwa Ohkay Owingeh na kuolewa San Ildefonso, ambaye aliuanza karibu na mwaka 1930. Husimuliwa kwamba mumewe alikwenda kuwinda, akaokota gae la chungu cha kale lililochongwa, akamletea mkewe, na kutokana na gae hilo mama huyo akapata wazo. Sisi Waswahili tuna methali isemayo: mfinyanzi hulia gaeni. Twaitumia kumsikitikia fundi ambaye hafaidi kazi ya mikono yake. Lakini kwa Rose Gonzales methali hiyo yapata maana ya pili: gae la watu waliokufa zamani ndilo lililomlisha mfinyanzi aliye hai.

Jinsi kazi inavyofanywa

Udongo huchimbwa katika ardhi ya kijiji chenyewe. Kabla ya kuuchukua, mchimbaji humwomba Mama Udongo ruhusa, kwani kwa watu hao udongo si kitu kisicho na uhai. Ukifika nyumbani hukaushwa, hulowekwa, na kuchekechwa hadi mawe na mizizi yote itoke. Halafu huchanganywa na majivu meupe ya volkano yapatikanayo milimani huko, ambayo huuzuia udongo usipasuke wakati wa kukauka na kuchomwa. Mchanganyiko huo hukandwa kwa miguu.

Gurudumu la mfinyanzi halitumiki. Mama hutandaza kitako cha chungu ndani ya sahani ya udongo, halafu husokota kamba za udongo kwa viganja na kuzizungusha moja juu ya nyingine. Kila kamba huminywa na kushikamanishwa na ile iliyo chini yake, na kuta husawazishwa kwa kipande cha kibuyu. Msomaji aliyekulia karibu na wafinyanzi wa Afrika Mashariki bila shaka ataitambua njia hii mara moja, kwani kina mama wa sehemu nyingi za kwetu nao huumba vyungu bila gurudumu. Hatusemi kwamba watu hawa walijifunza kwa wale; tunasema tu kwamba mkono wa binadamu na udongo, popote vikutanapo, huweza kufikia shauri moja.

Kuta za chungu kitakachochongwa huachwa nene kuliko kawaida, maana sehemu ya unene huo itaondolewa. Hapa ndipo penye shida kubwa ya kazi hii. Chungu hakiwezi kuchongwa kikiwa kibichi, kwa sababu udongo hujikunja na kuraruka chini ya kisu. Wala hakiwezi kuchongwa kikiwa kikavu kabisa, kwa sababu kingo za mchoro humeguka. Kuna kipindi kifupi katikati, udongo unapokuwa mgumu kama ngozi na bado una unyevu ndani yake, na ndicho kipindi cha mchongaji. Akichelewa, kazi imeharibika. Wahenga wetu walisema: udongo uwahi ungali maji. Sisi huwaambia wazazi methali hiyo tunapozungumzia malezi, na pengine tumeisema mara nyingi hata tumesahau kwamba yatoka katika karakana ya mfinyanzi.

Mchoro upendwao sana ni Avanyu, joka la maji lenye pembe, ambalo huzunguka chungu kama mto unaopita bondeni, na ulimi wake ni mfano wa radi. Ni mchoro wa watu wakaao katika nchi kame, ambao mvua kwao ni uhai.

Chungu kikisha kuchongwa na kukauka husuguliwa kwa msasa, halafu hupakwa uji wa udongo mwekundu mara kadhaa. Uji huo ungali na unyevu, mfinyanzi huchukua jiwe laini la mto na kusugua bila kupumzika mpaka sehemu zilizoinuka zing'ae; zile zilizodidimia huachwa bila mng'aro. Akisimama katikati, alama ya kusimama kwake itaonekana daima. Jiwe hilo ni mali ya thamani. Mama humwachia bintiye, na binti humwachia bintiye, na kila mkono hulizidishia ulaini.

Mwisho ni moto. Vyungu hupangwa nje, juu ya wavu wa chuma, vikafunikwa kwa mabati, na kuzungushiwa kuni. Moto ukiachwa uwake huru, chungu hutoka chekundu. Lakini fundi akiumwagia samadi ya farasi iliyosagika na kukauka, hewa haipiti tena, moshi hujaa, kaboni hupenya udongoni, na madini ya chuma yaliyomo hubadilika: chungu hutoka cheusi. Udongo ni uleule, na uji ni uleule; wekundu au weusi huamuliwa na moto. Na moto huohuo waweza kupasua kwa dakika moja kazi ya miezi. Ukisikika mlio ndani ya moto, kila aliyesimama hapo hujua maana yake.

Shule mbili

Binti wa Sara Fina aitwaye Margaret alizaliwa mwaka 1904. Alijifunza kwa mama yake, na baadaye akawa mfinyanzi mashuhuri kuliko wote wa kijiji hicho. Lakini Margaret alipelekwa pia shule ya pili. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungua shule ya bweni katika Santa Fe mwaka 1890, moja kati ya nyingi zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa wenyeji, naye alisoma hapo kuanzia 1915 hadi 1918, mwaka ambao homa kali ya mafua ilienea duniani. Katika mfumo wa shule hizo watoto walitengwa na wazazi wao ili wasahau mila zao, na kusema lugha ya nyumbani kulikatazwa na kuadhibiwa.

Hapo, ndugu walimu, hatuna budi kusimama kidogo. Waliozianzisha shule hizo waliifahamu vema methali yetu, ingawa hawakujua Kiswahili. Walijua kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Kwa hiyo waliwachukua watoto wakiwa wadogo. Wengi wetu wa umri wetu twakumbuka shule ambamo mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni. Twakumbuka, na pengine wengine wetu tuliposhika chaki tuliwafanyia watoto wengine vivyo hivyo. Kazi ya kufundisha lugha si njema kwa sababu tu ni kazi ya kufundisha. Yategemea tunachokiongeza kwa mtoto, na tunachokikata.

Shule ya nyumbani kwa Sara Fina ilikuwa na utaratibu mwingine. Haikuwa na ubao wala mtihani. Mtoto alikaa kando ya mama akachezea udongo, akafinyanga kitu kikaanguka, akafinyanga tena. Hakupewa kwanza kanuni ndipo apewe udongo, bali alipewa udongo, na kanuni akazikuta ndani yake. Margaret aliolewa na Alcario Tafoya mwaka 1924, na mume huyo alimsaidia kubuni na kuchonga michoro. Twataja jambo hili kwa sababu ufinyanzi huu husemwa kuwa ni kazi ya wanawake. Na ni kweli kwamba ulipita hasa kwa mama hadi binti. Lakini nyumba nzima ilishiriki: huyu akichimba, huyu akisuka kuta, huyu akichonga, na wote wakisimama mbele ya moto.

Margaret alidumu katika mitungi mikubwa ya mama yake, ambayo baadhi ilizidi kimo cha sentimita 60, na alidumu katika udongo wa kijijini, jiwe la kusugulia na moto wa nje. Mwaka 1984 Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani ulimtunukia nishani ya urithi wa taifa. Alifariki mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 96, na kuacha watoto, wajukuu na vitukuu wafinyanzi.

Mila na mabadiliko

Ukoo huu haukunakili tu. Camilio Tafoya, kaka yake Margaret, alikuwa mfinyanzi, na watoto wake, Joseph Lonewolf na Grace Medicine Flower, walijulikana katika miaka ya 1970 kwa vyungu vidogo vilivyokwanguliwa michoro myembamba mno, baada ya kung'arishwa. Nancy Youngblood, mjukuu wa Margaret, huchonga mbavu nyingi zilizopinda kuzunguka chungu kizima, mithili ya tikiti. Kwa upande wa Christina Naranjo, dada yake Margaret, uzi unapita kwa binti yake Mary Cain, na kwa Linda Cain, hadi kwa Tammy Garcia, aliyezaliwa mwaka 1969, ambaye michoro yake imejaza uso wote wa chungu na imevuka udongo ikaingia hata katika shaba. Tangu Sara Fina hadi huyu ni vizazi vitano.

Basi twaweza kuuliza: katika vizazi hivyo vitano, mila ni ipi? Unyayo wa dubu uliobonyezwa ni mila. Uchongaji, uliokuwa jambo geni katika miaka ya 1920, leo nao huitwa mila. Wako wafinyanzi wa vijiji hivyo watumiao tanuri za umeme na udongo wa dukani, na wako wanaowalaumu kwa hilo. Sisi hatutajitia katika shauri la wenyewe. Lakini historia hii yatuonyesha kwamba mila haikuokolewa na watu waliokataa kila jipya, wala na watu waliokubali kila jipya. Iliokolewa na watu waliojua wakati gani udongo unachongeka.

Liko pia suala la jina. Vyungu vya Sara Fina aghalabu havina saini, kwa kuwa desturi ya kijiji haikumtenga fundi na wenzake. Wanunuzi ndio waliotaka jina, maana chungu chenye jina kilipata bei kubwa. Maria Martinez wa San Ildefonso alianza kutia saini katika miaka ya 1920, na inajulikana kwamba alitia jina lake hata kwenye vyungu vya wenzake wakimwomba, ili nao wapate kuuza. Mnunuzi aliona hapo udanganyifu. Kijiji kiliona ujirani mwema.

Chungu chetu

Tunaandika haya tukiwa Burundi. Huku kwetu, na kwa jirani zetu wa Rwanda, ufinyanzi ulikuwa kazi ya Watwa. Vyungu vyao vilipika chakula cha kila nyumba, lakini wao wenyewe walidharauliwa, hata wengine walikataa kula nao. Plastiki na bati zilipokuja, wafinyanzi hao walipoteza riziki yao; na katika Rwanda baadhi ya mabonde waliyochimba udongo yaligeuzwa mashamba ya mpunga. Reli ya mwaka 1880 kule Santa Clara na ndoo ya plastiki huku kwetu ni jambo moja. Tofauti ni kwamba kule ardhi yenye udongo ilibaki mikononi mwa kijiji, na mfinyanzi alipata wa kumheshimu. Kwa Mtwa, mfinyanzi hulia gaeni bado ni habari ya mlo wake wa jioni.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kurudisha mabonde hayo. Aweza, hata hivyo, kufanya jambo dogo. Siku atakapofundisha kitenzi cha kufinyanga, na amwalike darasani mama anayefinyanga. Amwombe awape watoto udongo mbichi, na awaambie kwa lugha yake mwenyewe kila chombo kinaitwaje, na kila hatua inaitwaje. Watoto waandike maneno hayo pamoja na ya Kiswahili. Huenda ikawa ni mara ya kwanza kwa mama huyo kuitwa mwalimu. Asicheleweshwe, maana wanaoyajua maneno hayo wanazidi kuzeeka, na udongo wao umekwisha kuanza kukauka.